Ungo wa Zebida

Jumamosi ile, kwenye kibaraza cha kanisa, walikuwepo Mwalimu Kisanga, Zebida na mwanawe wa mgongoni, na wageni watatu kutoka Burundi: Evaristi fundi cherehani, dada yake Spesi, na Goreti mkunga. Hao tu.

Mwalimu Kisanga alikuwa na Kiingereza kingi. Zebida alikuwa na Kiingereza kidogo, cha darasa la saba. Wote wawili walikuja kwa kujitolea, wageni wapate watu wa kuzungumza nao hadi waizoee lugha hiyo.

Mwenye haraka alikuwa Goreti. Kwao alikuwa amezalisha wanawake kwa miaka tisa. Hapa alifua nguo za watu. Hospitali moja yenye madaktari wa Kizungu ilikuwa imemwita kwenye usaili baada ya wiki sita, na usaili wenyewe ni Kiingereza kitupu. Akishindwa kujibu, atarudi kwenye beseni.

Mwalimu alimkalisha mbele akamwambia aseme. Alisema neno la kwanza, akasahihishwa. Akasema la pili, akasahihishwa. Mwalimu hakuwa na ubaya, alipenda tu kitu kinyooke. Lakini neno la tatu halikutoka. Goreti aliinama, akatazama vidole vyake vilivyochubuliwa na sabuni, akawaza kuaga.

Zebida akamsogezea ungo wa mchele.

"Shoga, hebu nisaidie kuchambua, huyu wa mgongoni hanipi nafasi. Huku unanieleza kwa Kiingereza siku ulipomzalisha mtu wa kwanza."

Mikono ikapata kazi, macho yakapata pa kutazama. Goreti akaanza kueleza. Alikosea, akachanganya na Kifaransa, na kila aliposita Zebida alimwitikia, "Enhe, ikawaje?" Habari ilipokwisha, Zebida, kwa Kiingereza chake kidogo, alimtajia makosa mawili tu, kama anayeokota mawe mawili na kuyatupa kando. Mengine, alisema, watayakuta Jumamosi ijayo.

Mwalimu akacheka. "Zebida, na wewe umetia ya kwako matatu!"

"Basi nawe chambua, Mwalimu. Ungo huo hapo."

Mwalimu akavuta kigoda, akakaa nao. Kuanzia siku hiyo naye alijifunza kungoja mtu amalize.

Jumamosi ya mwisho kabla ya usaili Goreti aliuliza, mtu mwenye uchungu wa uzazi anapewaje pole kwa Kiingereza? Zebida akasema, "Sorry." Mwalimu akatikisa kichwa. Hilo, alisema, Wazungu hulitumia zaidi wanapokosa na kuomba radhi, watamshangaa.

"Mimi sina jingine," Zebida akasema.

Kwenye usaili, daktari alimuuliza Goreti neno la kwanza analomwambia mama aliyeshikwa na uchungu. Goreti akajibu, "Sorry."

Daktari akainua uso. Kwa nini? Amemkosea nini huyo mama?

Wiki sita nyuma ulimi wake ungeganda hapo hapo. Sasa vidole vyake vikaanza kutembea polepole juu ya meza, kama mezani pana mchele. Akajibu kwa Kiingereza chake chenye mawe, mpaka mwisho:

"Sijamkosea. Anaumia, na mimi nipo."

Daktari hakumsahihisha neno hata moja. Goreti akapewa kazi.

Aliyekuwa na kingi alitoa, na aliyekuwa na kidogo alitoa, na kile kidogo ndicho kilichomfungua mtu kinywa. Nawe unayesema hujui vya kutosha kumsaidia mwenzako, unangoja kujua kiasi gani?

Mwaka uliofuata Zebida alijifungua mtoto wa pili katika hospitali ile. Mkunga alimshika mkono, akamwambia, "Sorry."