Kwa Nini Kuku Hutetea Akishataga

Nyinyi mnaomjua kuku wa leo mtabisha, lakini zamani kuku alikuwa mnyamavu. Alitaga, akajikung'uta, akaenda zake kuchakura.

Zamani hizo alikuwapo mjane aitwaye Nyanjige, aliyemwoza binti yake wa pekee, Holo, nchi ya mbali. Kwa upweke alimchora kwenye ukuta wa nje kwa udongo mwekundu aliousaga na kuuchanganya na maji, apate wa kumwamkia asubuhi. Mvua ilipokuja, Holo alitiririka mpaka chini. Nyanjige alichora tena na tena, na kila mara sura ilizidi kumponyoka. Akaogopa kwamba siku moja angejikuta amechora mtoto wa watu.

Asubuhi moja kuku wake akataga ndani ya bakuli la rangi. Nyanjige, ambaye macho yake hayakuwa ya kuaminika, akakoroga mpaka yai likapasuka. Alimsema kuku vya kutosha, kisha akapaka hivyo hivyo, maana udongo ule ulitoka mbali. Akamaliza jicho moja. Usiku mvua ikanyesha. Kulipokucha, jicho lilikuwa pale pale linamtazama.

Basi kila yai likawa lake. Alijifunza kumwaga ute na kubakiza kiini, akachora pua, akaanza mdomo. Alichukua hata yale ambayo kuku alitaka kuyaatamia. Kuku hakusema neno, alihama tu.

Nyanjige alimtafuta siku tatu, akamkuta kwenye magugu, amekalia mawe matatu. Moyo ulimuuma, akaketi chini.

"Mwenzangu, nisamehe," alisema. "Mimi namlilia mmoja niliyemlea mpaka akaolewa. Wewe wako nimekunyang'anya hata hujawaona."

Kuku alimtazama kwa jicho moja, kama kawaida yao. "Yai nitakalolipigia kelele, chukua," alijibu. "Nikinyamaza, usinitafute."

Nyanjige akarudi mikono mitupu, akangoja. Mvua zikapita, na Holo alikuwa bado na jicho moja. Ndipo kuku akaja uani na vifaranga saba, akawalea mpaka wakajitegemea. Kisha asubuhi moja akapiga kelele hadi majirani wakatoka nje. Kwa yai hilo Holo akakamilika mdomo, akapata na jicho la pili, na Nyanjige akalia kwa furaha, maana alikuwa Holo hasa.

Na tangu siku hiyo kuku akitaga hutetea, mtaa mzima ukasikia. Ila anayetaka watoto huingia maguguni kimya kimya, na mama mwenye mwana wa mbali akimwona, hupita kama hajaona kitu.