Chungu cha Kakakuona na Hotuba za Wakubwa

Hapo zamani za kale, wakati wanyama walikuwa na nyumba, na mashamba, na kofia za kuvaa kwenye sherehe, Mfalme Simba alijenga jengo kubwa katikati ya nchi. Likaitwa Kituo cha Taifa cha Ubunifu. Juu ya mlango paliandikwa kwa rangi nyekundu: TUNAUNGANISHA WANAOJUA NA WANAOUZA.

Msicheke, watoto. Bado sijafika pa kuchekesha.

Ndani ya jengo hilo palijengwa ukuta. Mbele ya ukuta waliingia wafanyabiashara, nyuma yake walikaa watafiti. Kwenye ukuta palikuwa na mlango mmoja wa kuwakutanisha, nao ulitiwa kufuli ili usichakae kwa kutumiwa. Ufunguo alikuwa nao Tembo, ambaye ndiye Mkurugenzi. Kiboko alikuwa Naibu wake, na Kifaru alikuwa Mwenyekiti wa Bodi. Kazi ya Kituo ilikuwa ngumu, kwa hiyo wote watatu walikuwa wanene.

Siku moja akaja Digidigi. Mnamjua Digidigi: mwili mdogo, macho makubwa, miguu myembamba, na akili inayotangulia miguu. Alikuwa akilima nyanya kwenye shamba la kukodi, na mwenye shamba alikuwa huyo huyo Kiboko.

Nyanya zake zilikuwa nzuri, lakini soko lilikuwa siku ya Ijumaa tu. Nyanya hazijui Ijumaa. Ziliiva zilipotaka, na siku ya soko ikifika, ukishika moja, pwata! Unabaki na ganda mkononi.

"Msimu uliopita ziliozea shambani kwangu," Kiboko alikuwa amemwambia. "Zikioza na hizi, shamba nalichukua. Nataka mahali pa kugaagaa."

"Mheshimiwa, si una mto mzima?"

"Ninao. Huo ni wa kugaagaa siku za kazi. Nataka na wa sikukuu."

Digidigi alilia njia nzima. Shamba lile ndilo lililomlisha yeye na wanawe, na hakuwa na jingine. Alipomaliza kulia akafuta macho, akaenda Kituoni.

"Hodi!"

"Karibu, ila usikae," akasema Tembo. "Una shida gani?"

"Shikamoo, Mheshimiwa Mkurugenzi. Nyanya zangu zinaoza kabla ya soko. Nimekuja kuonana na mtafiti."

"Ala! Mtafiti haonwi," akasema Tembo. "Mtafiti anaratibiwa."

"Basi naomba niratibiwe naye."

"Hilo linahitaji kikao. Kikao kinahitaji mimi, Naibu na Mwenyekiti. Mimi nipo, Naibu yupo mtoni, Mwenyekiti yupo safarini. Akirudi Mwenyekiti, mimi nitakuwa safarini. Subiri kwenye benchi."

Digidigi akakaa kwenye benchi. Mchana ukapita. Mara akasikia chini ya ukuta, kwenye kidirisha cha hewa: kacha-kacha, kacha-kacha.

"Psst! Wewe ndiye wa nyanya?"

Ilikuwa pua ndefu ya Kakakuona, mtafiti wa vitu vinavyooza.

"Ndiye mimi, dada. Una dawa?"

"Ninayo siku nyingi! Chukua chungu kikubwa, weka chungu kidogo ndani yake. Hapo katikati jaza mchanga, umwagie maji. Maji yakikauka yanaondoka na joto. Kinachokaa ndani kinabaki baridi na hakiozi."

"Lo! Umekijaribu?"

"Sana."

"Kwa nyanya?"

"Nyanya nitazipata wapi, mama, na mlango umefungwa? Nimekijaribu kwa mawe." Kakakuona akajikuna pua. "Yote yalitoka salama."

Digidigi akalitazama lile kufuli. "Na wewe mchimbaji mzuri hivyo, mbona usichimbe ukatoka?"

"Nimeajiriwa," akasema Kakakuona kwa huzuni. "Halafu Mkurugenzi amekataza. Chungu hakiruhusiwi kutumika mpaka kizinduliwe."

"Kizinduliwe?"

"Na mgeni rasmi, meza kuu, utepe na hotuba."

Digidigi akainua masikio. "Ahaa," akasema. "Basi kitazinduliwa."

Akarudi mbio kwa Tembo. "Mheshimiwa, nimeacha kutafuta mtafiti. Nimekuja kuomba uzinduzi. Mgeni rasmi awe Mfalme mwenyewe. Sherehe yote naisimamia mimi, ninyi mje na hotuba tu."

Masikio ya Tembo yakapepea: fwap, fwap. "Hayo sasa ndiyo mawazo ya maendeleo," akasema.

"Ila kuna jambo, Mheshimiwa. Nasikia Mwenyekiti Kifaru anasema atahutubia kukushinda. Anasema wewe ni wa hotuba fupi."

"Mimi? Wa hotuba fupi?" Tembo akapiga tarumbeta: paaa! "Tutaona!"

Kifaru aliporudi safarini, Digidigi akaenda kwake. "Mheshimiwa Mwenyekiti, Tembo anasema ukishataja wageni huna tena cha kusema." Kifaru akavuta pumzi kwa hasira, akaanza kufanya mazoezi pale pale. Kisha Digidigi akaenda mtoni kwa Kiboko. "Mheshimiwa Naibu, wale wawili wanasema naibu hupewa nafasi ya kusalimia tu."

"Kusalimia!" akasema Kiboko, na mto mzima ukachafuka.

Digidigi akamalizia kwa wenzake wa sokoni, wauza mchicha, wauza maembe, wauza matembele. "Njooni kwenye uzinduzi," akawaambia. "Kila mmoja aje na vyungu viwili, kikubwa na kidogo. Akiulizwa, aseme ni vya maji ya kunywa."

Siku ya uzinduzi ilikuwa Jumatatu. Turubai la kulia walikaa watafiti, turubai la kushoto wafanyabiashara, na katikati meza kuu. Juu ya meza Digidigi aliweka sinia la nyanya alizochuma asubuhi, kwa mapambo. Nyingine za asubuhi ile ile alizitia kwenye chungu cha Kakakuona, akakifunika kitambaa na kukizungushia utepe.

Mfalme Simba akakaa kwenye kiti cha mgeni rasmi. Digidigi, aliyekuwa mshereheshaji, akamkaribisha Mkurugenzi.

"Mheshimiwa mgeni rasmi!" akaanza Tembo. "Mheshimiwa Mwenyekiti! Mheshimiwa Naibu! Waheshimiwa wote mliopo, na ambao hamkuweza kufika, na ambao hamkualikwa..."

Tembo akihutubia hufumba macho, ili aisikie vizuri sauti yake. Kifaru haoni mbali. Kiboko alikuwa akirudia hotuba yake moyoni. Na Simba, kabla salamu hazijafika katikati, alikwisha kusinzia, kichwa kinapanda na kushuka, kinapanda na kushuka.

"Twendeni," akanong'ona Digidigi.

Wafanyabiashara wakatoka mmoja mmoja kwa nyuma ya turubai. Watafiti wakatoka upande wao. Kwenye viti vilivyobaki Digidigi akamwaga mtama, na njiwa wakaja wakajaa. Kila Tembo alipopiga meza kusisitiza, ngu! njiwa walishtuka wakaruka, pa-pa-pa-pa-pa! Kisha wakatua tena.

"Asanteni kwa makofi," akasema Tembo bila kufumbua macho.

Nyuma ya turubai kulikuwa na kelele nyingine kabisa.

"Mchanga huu mwingi!"

"Mwaga maji, mwaga!"

"We dada mtafiti, hiki kifuniko cha udongo hakifai," akasema Ngiri, muuza matembele wa siku nyingi. "Humu majani yatatoa jasho, yaoze. Toa kifuniko, weka gunia bichi."

Kakakuona akamtazama kwa mshangao. "Mawe hayakutoa jasho," akasema.

"Mawe, dada?"

Wakaweka gunia bichi. Walipotia mkono baada ya muda, ndani palikuwa baridi kuliko kisimani. Kakakuona akaruka kwa furaha, magamba yakalia kacha-kacha-kacha, akamkumbatia Ngiri. Ngiri akasema inatosha, magamba yanachoma.

Jua likazama. Tembo akamaliza salamu. Jua likachomoza, na Kifaru akapokea kipaza sauti. Alipokwisha kutaja historia ya bodi, akataja historia ya mababu wa wajumbe wa bodi. Digidigi alipita na jagi kuwapa waheshimiwa maji, na yaliyobaki akayamwagia mchanga wa kile chungu cha chini ya kitambaa, nacho akakifunika gunia bichi. Kiboko akapokea kwa Kifaru, na Alhamisi jioni alikuwa bado kwenye utangulizi.

Ijumaa soko likafunguliwa. Wauzaji wakaenda na vyungu vyao, na watafiti wakafuata nyuma, wakiuliza maswali mpaka wakawachosha. Nyanya za Digidigi, alizokuwa amezitia kwenye vyungu nyuma ya turubai, zikanunuliwa zote, na wanunuzi wakagombania za mwisho. Digidigi akarudi mbio uzinduzini. Kiboko alikuwa anasema, "Kwa hayo machache..."

Hapo Simba akaamka. Hakuamshwa na hotuba. Aliamshwa na harufu.

"Nini kinanuka?"

Lile sinia la mapambo sasa lilikuwa sinia la uji mwekundu, na inzi juu yake, ziii!

"Mfalme, sasa tunazindua!" Tembo akasema haraka, akakata utepe, akavuta kitambaa: shwaa! Digidigi akainua gunia. Ndani ya chungu nyanya zilikuwa nyekundu, ngumu, zinang'aa. Simba hali nyanya, lakini hakuwa amekula tangu Jumatatu. Akatia moja mdomoni.

"Baridi," akasema. "Na tamu." Kisha akatazama viti. "Hawa ni njiwa. Wananchi wangu wako wapi?"

Tembo naye akavitazama viti kwa mara ya kwanza tangu Jumatatu, akaona njiwa, akageuka polepole kumtazama Digidigi. Kuondoka wakubwa wakihutubia lilikuwa kosa kubwa nchini humo, kubwa kuliko kuiba. Akilini Digidigi aliwaona wanawe, akaliona shamba limekuwa tope. Halafu akakumbuka kuwa kwa siku zote zile hakumwona hata mmoja akisikiliza, hata aliyekuwa anahutubia.

"Wamekwenda sokoni kutekeleza, Mfalme."

"Kutekeleza nini?"

"Hotuba. Mkurugenzi alisema lile kufuli livunjwe, watafiti na wafanyabiashara wakutane kila siku bila kuratibiwa. Hata wewe Mfalme uliitikia kwa kichwa, nilikuona."

Simba akakohoa. Mfalme hasinzii. "Niliitikia," akasema. "Maneno mazito yale."

Tembo akatafuta kichwani. Hotuba ndefu namna ile, kitu gani kingeweza kukosekana? "Ehee," akasema. "Ndiyo. Ndivyo nilivyosema."

"Na mimi nilisemaje?" akauliza Kifaru kwa hamu.

"Mwenyekiti, wewe ulisema bodi itakuwa inawapelekea watafiti mazao halisi ya kujaribia, kila msimu."

"Nilisema vizuri," akasema Kifaru.

Kiboko akaanza kutokwa na jasho. "Mimi sikumbuki kama..."

"Naibu aliwapita wote," akasema Digidigi, na Kiboko akatulia akatabasamu. "Alisema lile shamba la nyanya, kuanzia leo, ni la Digidigi na wanawe siku zote. Alisema yeye mto unamtosha."

Kiboko akafungua kinywa. Mnakijua kinywa cha Kiboko, nyumba ndogo inaweza kuingia. Kikabaki wazi hivyo hivyo.

"Hilo nalikumbuka kuliko yote," akasema Mfalme Simba, akichukua nyanya nyingine. "Liliniingia moyoni. Au siyo maneno yako, Naibu?"

Kiboko akamtazama Mfalme. Akamtazama Tembo, na Tembo akatazama juu.

"Ni yangu," akasema Kiboko, akafunga kinywa.

Hadithi yangu naiweka chini hapa, na funzo lake ni hili: anayesema mpaka mwenyewe hajisikii, asishangae akikumbushwa asichokisema.