Bi Kindi na Daktari Fisi wa Kwenye Simu

"Nitoe nisitoe?"
"Toa!"
"Nikitoa mtapokea?"
"Kwa mikono miwili!"
"Na simu zenu?"
"Tumezizima!"
Waongo wakubwa nyie. Haya, sikieni hivyo hivyo.

Hapo kale, si kale sana, maana mtandao ulikuwa umeshafika msituni, paliishi Bi Kindi na mwanawe Tunu. Bi Kindi alikuwa mama mwema, ila akili yake haikukaa. Akianza kufukia korosho, anaona kipepeo. Akimfuata kipepeo, anakumbuka kuni. Akifika kwenye kuni, korosho zimeshaliwa na panya. Wataalamu wana jina lao refu la ugonjwa huo. Majirani walikuwa na lao fupi: uvivu. Majirani, mnawajua, wamesomea kila kitu.

Siku moja akamwacha Tunu juu ya mfenesi, akaenda kumtafuta kwenye mkuyu. Mtoto alilia mpaka sauti ikakauka. Wifi yake Bi Kindi akaja, mkono kiunoni.

"Wifi, nasema mara moja. Ukimsahau tena mtoto wa kaka yangu, vuli ikianza namchukua akalelewe kwangu."

"Sifanyi makusudi, wifi!"

"Najua. Na akianguka, ataanguka bila makusudi, si ndiyo?"

Bi Kindi hakuingoja vuli. Akaazima simu kwa jirani yake Nguchiro, akampigia Daktari Fisi.

Daktari Fisi alitibu akili za msitu mzima bila kutoka pangoni. Simu ya video huku, sahani ya mifupa huku. Ada yake ni chakula cha mgonjwa. Na msitu ule ulikuwa na desturi: ukishaanza kwa mganga mmoja, huendi kwa mwingine mpaka yeye mwenyewe atamke mbele ya mashahidi, "Umepona." Desturi nzuri kweli. Nani aliitunga? Waganga.

"Shikamoo daktari."

"Marahaba. Umetulia?"

"Hapana, ndiyo maana nime..."

"Kidonge chekundu. Lete korosho. Mwingine!"

Kidonge chenyewe kilikuwa cha kumtosha nyati. Bi Kindi akameza, gudu! Moyo ukaanza ndu-ndu-ndu-ndu. Chakula hakipiti. Usingizi hauji. Akapiga tena.

"Daktari, moyo unanienda mbio, wala sili..."

"Umetulia?"

"Sijatulia!"

"Basi ongeza. Viwili. Lete korosho. Mwingine!"

Akameza viwili, gudu-gudu! Akakaa tawini kama gogo. Tunu anamwita, "Mama! Mama!" yeye anamtazama kama anayetazama ukuta. Akapiga tena.

"Daktari, mwanangu ananiogopa. Hakuna dawa nyingine? Hakuna hata ndogo?"

Fisi akatafuna mfupa, kwacha-kwacha. "Wewe udaktari umesomea wapi?"

"Sikusomea."

"Basi meza vitatu. Lete korosho. Mwingine!"

Ng'ambo ya mto alikuwepo Daktari Kakakuona. Naye alitibu kwa simu, ila alikuwa na tabia moja ya ajabu sana kwa daktari: alisikiliza. Bi Kindi akampigia.

"Usimeze vitatu, mama," Kakakuona akamwambia. "Hata viwili ni vingi kwa mwili wako. Ningekupokea leo, lakini una mganga. Atamke kwanza."

Bi Kindi akamrudishia Nguchiro simu huku analia. "Hatatamka! Atanilia korosho mpaka nizeeke, na mtoto ataondoka!"

"Kwani ukiongea naye hakuoni ulivyo?"

"Ataniona saa ngapi? Anatazama mifupa."

Akili ile ile ya kurukaruka ikaruka, ikatua mahali ambapo akili iliyotulia isingefika. "Shoga," akasema, "nitafutie jiwe. La kimo changu."

Kesho yake jiwe likakaa juu ya kisiki, limefungwa kilemba, limevishwa khanga ya Bi Kindi. Nyuma yake wakapangwa Ngiri, Nyani, Kanga na jamaa zao wote. Bi Kindi mwenyewe akapanda tawini. Nguchiro akashika simu.

"Daktari, mgonjwa wako huyu hapa. Na hawa nyuma ni wagonjwa wapya. Wanataka kuona kazi yako kabla hawajaleta vyakula vyao."

Fisi akafuta mdomo haraka. "Wapya? Wote hao? Karibuni, karibuni! Bi Kindi, umetulia?"

Jiwe kimya.

"Moyo bado unakwenda mbio?"

Jiwe kimya.

Juu tawini Bi Kindi amejibana, pumzi hatoi. Hapo ndipo kumbikumbi mmoja akapita, vuu, mbele ya pua yake. Mkono ukanyooka wenyewe. Korosho aliyoishika ikamponyoka, ikaangukia jiwe: ko!

Fisi akasogelea kioo. "Nini hiyo?"

"Goti hilo, daktari," akasema Nguchiro. "Amekupigia goti kwa shukrani."

Fisi akavimba kama andazi. "Mnaona? Mnaona nyote? Juzi alikuwa anarukaruka kama bisi kwenye sufuria! Leo hapepesi hata jicho! Vidonge vitatu tu! Mama huyu amepona!"

"Mwambie mwenyewe asikie, daktari."

"Bi Kindi, umepona!"

Puu! Bi Kindi akashuka, akaketi juu ya jiwe. "Asante, daktari. Tumesikia sote."

Fisi akakodoa. "Wewe ni nani? Na huyo ni nani?"

"Mimi ndiye uliyemtibu siku zote. Huyu ndiye uliyemponya."

Msitu ukaangua kicheko. Wagonjwa wapya wakajibebea vyakula vyao, wakaondoka. Fisi bado anapiga kelele kwenye simu: "Rudini! Ongezeni! Viwili!"

Kakakuona akampokea Bi Kindi. Akamuuliza unalalaje, unakulaje, moyo unaendaje, utotoni ulikuwaje. Akaanza na dawa kidogo kama punje. Ikamuumiza tumbo, akaibadilisha. Ya pili akaipandisha polepole, kila mara anauliza. Hiyo ikakaa. Haikumfanya malaika. Mboga bado aliunguza mara moja moja. Lakini Tunu akiita, mama anageuka.

Vuli ikaanza, wifi akaja na kikapu cha kubebea nguo za mtoto. Akamkuta Tunu ameshiba, yuko mgongoni kwa mama yake. Akatazama huku, akatazama huku, akakosa pa kushika.

"Na chai nayo hapa haitolewi?"

"Maji yapo motoni, wifi. Keti."

Na kweli yalikuwapo motoni.

Funzo? Mnataka funzo, mmezoea kutafuniwa. Haya: mgonjwa mwema hasemi kitu. Daktari anaujua moyo wako kuliko wewe uliye nao kifuani. Dawa isipokufaa, ongeza. Anayebisha akaliulize lile jiwe. Lipo mpaka leo, na lina afya njema kabisa.

Yangu nimeitua. Anayeitaka aibebe, asiyeitaka aiache hapo hapo, asinirudishie.