Kadi Tatu na Macho ya Tupokigwe

Mtu mmoja alikuwa na binti aliyekuwa akipoteza macho. Mtu huyo aliitwa Gwakisa, fundi mwashi. Binti yake, Tupokigwe, alikuwa na miaka ishirini na mmoja. Mkewe alikuwa amekwisha kutangulia mbele za Bwana, akawaachia nyumba ya vyumba vitatu na kompyuta moja aliyoitumia katika steshenari yake, kuwachapia watu barua na risala za harusi.

Daktari wa macho alisema nao wazi. Ugonjwa huu hauna dawa. Giza litaanzia pembeni na kusogea kuelekea katikati, taratibu, kama maji yanavyokula ukingo. Walipomwuliza ni lini, alisema labda mwaka, labda miwili.

Tupokigwe hakulia mbele ya baba yake. Aliomba kitu kimoja tu. Ndani ya kompyuta ile mlikuwa na gemu isiyo na vita wala mashindano. Mchezaji anatembea katika nchi ya mito, nyasi na misitu, na mbali kabisa kuna mlima mweupe. Kazi yake ni kutembea na kutazama. Lakini kompyuta ya steshenari haikuumbwa kwa kazi hiyo. Nchi ile ilitokea kwenye kioo kama tope, miti ikirukaruka, mlima ukionekana na kupotea.

Gwakisa alimwambia, "Mama, milima si tunayo hapa nje?" Alimwita mama, kama baba wengi wanavyowaita binti zao.

"Hii yetu ninaijua, Baba," akajibu. "Hata nikifumba macho ninaiona. Ule sijauona. Ningependa kuufikia kabla sijaacha kuona."

Basi Gwakisa akaenda mjini kwa Hamdani, muuza vifaa vya kompyuta. Hamdani akamwonyesha kipande kinachochora kila kinachoonekana kwenye kioo, wenyewe hukiita kadi ya picha. Akamwambia kwamba kadi ikiwa nzuri huichora nchi nzima, mito na miti na kivuli cha kila mti, kisha huifuta na kuichora upya, mara sitini katika sekunde moja.

Gwakisa alikuwa amejenga kuta kwa miaka thelathini, na ukuta mmoja ulimchukua siku nne. Akaishika ile kadi kwa mikono miwili, kama mtu aliyepewa kichanga, akahofu hata kuipumulia.

Kadi zilikuwa tatu. Ya kwanza ilikuwa ndogo, yenye feni moja, na bei yake ilikuwa ya chini. Ya pili ilikuwa na nguvu mara mbili, na bei yake vivyo hivyo. Ya tatu ilikuwa na mambo ambayo hizo mbili hazikuwa nayo: iliufuata mwali wa jua mpaka majini, ikaurudisha juu kama unavyorudi kweli, na bei yake ilimfanya Gwakisa avue kofia. Lakini alikuwa na akiba, na akiba ile ilitosha kununua yoyote kati ya mbili za kwanza siku ile ile.

Hakununua. Mwashi wa kweli hana haraka. Tofali la saruji likitoka kwenye kalibu hulazwa kivulini, humwagiwa maji asubuhi na jioni, na siku kumi na nne hupita ndipo lipandishwe ukutani. Anayejenga kwa tofali bichi anajenga ufa. Gwakisa alikuwa amewafundisha wengi neno hilo, na hakuna nyumba ya mkono wake iliyopasuka. Basi akailaza kadi kama tofali, akisema moyoni kwamba jambo lolote likikaa hukomaa.

Akachukua kipande cha ubao, akaandika kwa penseli: bei, nguvu, mambo yake. Mwezi wa kwanza aliambiwa bei zitashuka baada ya sikukuu. Zikashuka kidogo, naye akasema zitashuka tena. Mwezi wa tatu akasikia kwamba inakuja nyingine yenye nguvu ya ile ya pili kwa bei ya ile ya kwanza. Akaingoja. Ilipofika, akasikia habari za nyingine itakayokuwa na mambo yote ya ile ya tatu. Kila alichokisikia kilikuwa kweli. Hakuna aliyemdanganya.

Hamdani alimzoea. "Fundi, leo umekuja kununua au kuzijulia hali?"

"Kuzijulia hali."

"Hawajambo. Ila wanalalamika, wanasema wamechoka kushikwashikwa na mtu asiyeposa."

Fundi akacheka, akaongeza mstari mmoja kwenye ubao, akarudi nyumbani.

Nyumbani Tupokigwe alianza kugonga bega kwenye fremu ya mlango. Alimimina chai kando ya kikombe. Akitaka kumtazama mtu alimgeuzia kichwa kwanza huku, kisha huku, kama kuku anayetafuta punje. Hakumkumbusha baba yake neno lolote, kwa sababu alimwona akiandika kila siku, akajua kwamba anamshughulikia. Gwakisa naye aliyaona yale yote na kuhuzunika. Lakini hakuyaandika kwenye ubao.

Mwezi wa saba akaja dukani akiwa na furaha. Alikuwa amesikia kwamba mwezi wa kumi kutatoka kadi itakayozipita zote tatu. Hamdani akaiweka chini bisibisi yake, na safari hii hakutania.

"Fundi, kadi umezipima zote. Macho ya binti umeyapima lini?"

Gwakisa akaketi kwenye kigoda cha wateja. Akauliza, kwa sauti ya mtu anayeomba maji, ni ipi inayoweza kuingia katika kompyuta ya marehemu mke wake leo hii.

"Ile ndogo," akasema Hamdani. "Hizo nyingine zinakula umeme mwingi, ingebidi tubadilishe mpaka moyo wa mashine. Ndogo ingeingia hata siku ya kwanza. Kila nilipotaka kukwambia, ulikuwa ukiniuliza habari za kubwa."

Gwakisa akailipia, Hamdani akafunga duka, wakaondoka pamoja mpaka nyumbani. Hamdani akafungua kompyuta, akaichomeka kadi, akaunganisha waya, akawasha.

Na ile nchi ikatokea. Haikuwa tope tena. Mto ulikuwa ukitembea. Msitu ulikuwa na kina, na upepo ukipita juu ya nyasi, zililala na kuinuka. Mlima mweupe ulisimama mwisho wa yote, umetulia. Gwakisa akashika ukingo wa meza. Hamdani, ambaye kazi yake ilikuwa kuuza vitu hivi, naye akasogea karibu atazame.

Tupokigwe akasogeza uso mpaka pumzi yake ikatia ukungu kwenye kioo. Nuru iliyombakia ilikuwa tundu la upana wa sahani ya chai. Akaingia katika nyasi, akapiga hatua tatu, akasimama. Akakaa pale. Baba yake akangoja, kisha akamwambia kwa upole kwamba mlima uko kule mbele.

"Niache kidogo, Baba. Kuna jani hapa lina umande, na jua limo ndani ya umande."

Gwakisa, mwenye macho mawili mazima, alikuwa ameitazama nchi yote na jani hilo hakuliona. Akainama, akaweka shavu lake karibu na shavu la binti, akatazama alipotazama yeye. Ni kweli. Lilikuwa tone dogo kama kichwa cha sindano, na jua lilikuwamo. Alifikiri hivi: kama tone lisilokuwapo, linalochorwa na kufutwa mara sitini kwa sekunde, linaweza kumshangaza mtu namna hii, basi yale yaliyopo ni kitu gani? Asubuhi yake majirani walimwona akiwa amepiga magoti uani, kwenye majani aliyoyakanyaga miaka yote, hana chombo mkononi. Walidhani ameangusha kitu. Alikuwa akitazama, na alitazama mpaka jua likaukausha umande wote, na hakuna aliyekuja kumtajia bei.

Tupokigwe aliitembea nchi ile miezi mitano. Hakukimbia. Aliujua mto na mawe yake, na aina sita za nyasi, na namna kivuli cha wingu kinavyopanda kilima. Kisha lile tundu likajifunga. Alikuwa amefika msituni. Mlimani hakufika. Njia ya kutoka msituni hadi mlimani, kwa mwendo wake, ilikuwa miezi saba.

Siku hizi, mtu akipita nyumbani kwao baada ya kazi, atamkuta fundi mbele ya kioo na binti kando yake. Baba ndiye anayetembea. Anakwenda polepole na kueleza kila anachokiona, na akipita upesi mahali, binti humshika mkono na kumrudisha. Hajawahi kumlaumu baba yake hata kwa neno moja, na hilo ndilo analolibeba Gwakisa.

Nanyi mnaonisikiliza, mlio na mtu nyumbani ambaye bado anaona: hicho mnachokingoja kishuke bei, yeye ataweza kukingoja?