Mtamba wa Sekela na Bima ya Lori

Hapo zamani, wala si zamani za mababu, ni zamani za karibu tu, lami ilipokuwa imeshafika Tukuyu na ng'ombe wa maziwa wameshazoea honi, alikuwepo mwanamke aliyeitwa Sekela. Sekela alikuwa na kirikuu, kile kigari kidogo cha mizigo. Kila asubuhi alipita nyumba kwa nyumba akikusanya maziwa ya wafugaji, akayapeleka kwenye kituo cha kupozea. Aliendesha mwenyewe. Nyumba ishirini na sita zilimtegemea, naye alizitegemea.

Asubuhi moja ya ukungu, kwenye kona ya mteremko, lori la mbao lilitaka kulipita gari jingine, likaingia upande wa Sekela. Sekela akakanyaga breki, akavuta usukani, akakosa pa kwenda. Madumu yakapasuka, maziwa yakatiririka barabarani, na mguu wa Sekela ukavunjika mara mbili. Lile gari lililopitwa halikusimama.

Watu wakamtoa Sekela, wakamkimbiza hospitali. Nyuma yao foleni ikarefuka, honi zikalia. "Sukumeni hicho kigari mtaroni tupite!"

Hapo akatokea Subilaga, muuza ndizi wa kona ile. Ajali yenyewe hakuiona, alikuwa ameinama akipanga mikungu. Lakini kaka yake aliwahi kugongwa, magari yakaondolewa kabla ya kupimwa, na haki yake ikapotea hivihivi. Subilaga akaketi katikati ya barabara, mbele ya kirikuu.

"Hakisukumwi," akasema.

"Mama, tuna safari!"

"Na mwenzenu ana mguu uliovunjika. Trafiki apime kwanza."

Wakamtukana, akakaa. Wakambembeleza, akakaa. Mvua ikaanza, akafunika alama za matairi kwa majani ya migomba, kisha akakaa tena. Trafiki walifika baada ya saa mbili, wakapima magari na alama za matairi, wakachora ramani ya ajali. Subilaga aliporudi kwenye meza yake, abiria wenye njaa walikuwa wamekula ndizi zote, wakaacha maganda.

Huko hospitali Sekela akaambiwa kwamba dereva wa lori, mtu wa Makete aitwaye Tweve, ameandikisha polisi kuwa kirikuu ndicho kilichomfuata upande wake. Sekela akalia kwa hasira. Akasema mbele ya dada yake na muuguzi, "Nina ng'ombe mmoja, mtamba, amepandishwa mwezi huu. Mtu atakayefanya bima ya lori lile inilipe haki yangu yote, mtamba huyo ni wake."

Maneno hayo yakamfikia jirani yake Gwakisa, fundi cherehani. Gwakisa alikuwa na tabia ya kusoma kila karatasi, hata ile iliyofungiwa maandazi. Akachukua mafaili ya Sekela, na kila Jumatano akafunga kibanda chake, akapanda gari kwenda Mbeya, kwenye ofisi ya kampuni ya bima.

Jumatano ya kwanza: "Afisa anayehusika hayupo." Akarudi.

Jumatano ya pili: "Afisa yupo, lakini faili limepelekwa makao makuu." Akarudi.

Jumatano ya tano: "Faili limefika, lakini ripoti ya daktari imepitwa na wakati." Akarudi, akaleta nyingine. Wateja wake wa sare za shule wakachoka kumsubiri, wakahamia kwa fundi mwingine.

Mwezi wa nne tangu ajali ikaja barua. Kampuni ilisema ramani inaonyesha magari yaliposimama, lakini dereva wao ana maelezo yake. Hata hivyo, kwa huruma, watalipa nusu ya thamani ya kirikuu. Saini hapa. Ndani ya nyumba unga ulikuwa umebaki wa siku mbili. Sekela akachukua kalamu.

"Dada Sekela, weka kalamu chini," Gwakisa akasema. "Umesoma mstari wa mwisho?"

"Maandishi kama siafu, nani atayasoma?"

"Mimi nimeyasoma. Yanasema ukisaini, huna dai jingine lolote. Hata la mguu."

Sekela akaitazama barua. Akautazama mguu. Akaweka kalamu chini. Ila tangu siku hiyo kampuni ikanyamaza kimya, na Gwakisa akawa hana tena mlango wa kubisha.

Sasa Tweve. Bado alikuwa akipita njia ile na lori lake. Siku moja akamwona mwanamke anatembea kwa magongo, dumu dogo la maziwa limefungwa mgongoni. Akamtambua. Akapita. Kesho yake akamwona tena, akapita. Siku ya tatu miguu yake ilikataa kukanyaga mafuta. Akasimama, akashuka.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Wewe nani?"

"Mimi ndiye niliyekugonga. Na mimi ndiye niliyesema uongo."

Sekela akaegemea magongo yake. Kisha akasema, "Unaniambia mimi? Mimi nilikuwepo. Nenda kawaambie ambao hawakuwepo."

Tweve akaenda. Akawaambia polisi, akaiambia kampuni. Kampuni ikasema, "Huyu amehongwa." Ndipo ramani ikafunguliwa upya. Kila alichosema Tweve, alama za matairi zilisema vilevile. Kampuni ikakosa pa kukimbilia, ikalipa kirikuu, ikalipa na mguu. Tweve akafukuzwa kazi, na mahakama ikamfungia leseni kwa miaka miwili.

Sekela akanunua kirikuu kingine, akawaita Subilaga, Gwakisa na Tweve uani kwake. Mtamba alikuwa amefungwa pale, tumbo limeshuka, karibu kuzaa.

Subilaga akasema, "Nisingekaa barabarani, pasingekuwa na ramani. Na bila ramani, maneno ya Tweve yangekuwa upepo."

Gwakisa akasema, "Wewe ulikaa kabla ya ahadi kutolewa. Mimi niliisikia ahadi, nikaihangaikia. Na kama si mimi, Sekela angesaini mwezi wa nne, na ukweli ungefika umechelewa."

Subilaga akacheka. "Kwa hiyo wewe ulitembea kwa ajili ya mtamba? Mimi nilikaa kwa ajili ya mtu nisiyemjua."

Tweve alikuwa amesimama mbali kidogo. "Ninyi wawili mlifika hadi mlangoni," akasema polepole. "Mlango niliufungua mimi, na nimepoteza mkate wa wanangu."

"Mlango uliufunga wewe mwenyewe!" Gwakisa akafoka.

"Kweli. Na kwa kosa hilo mahakama imeniadhibu. Lakini mama hakuahidi mtu asiye na kosa. Aliahidi mtu atakayefanya bima ilipe."

Dada yake Sekela akapendekeza mtamba auzwe, wagawane. Sekela akakataa. "Niliahidi mtamba, na niliahidi mtu mmoja."

Akaifungua kamba kwenye kigingi. Akamtazama aliyekaa kwenye mvua. Akamtazama aliyesoma maandishi ya siafu. Akamtazama aliyemvunja mguu kisha akaja kuungama.

Ninyi mmesikia kama alivyosikia yeye. Je, nani alistahili kupewa kamba ile?