Besi Aliyoitafuta Kapteni

Muheza nzima hakuna aliyemzidi Shekiondo kwa kupiga besi, wala kwa kukosa besi. Harusi ilikuwa kesho, na bendi ilishamwambia aje na gitaa lake, la sivyo atachukuliwa mwingine. Akaenda kwa Salmini, tajiri wa magitaa ya mtumba.

"Feki ni laki moja," Salmini akatamba mbele ya wateja. "Hii ni orijino ya Marekani, milioni nzima. Huiwezi, mdogo wangu."

Shekiondo akaigeuza, akapapasa namba nyuma ya shingo, akaona kweli ni yenyewe.

"Ni orijino, tajiri. Ndiyo maana Kapteni Mbelwa wa bendi ya jeshi anaihangaikia. Ameibiwa ya Marekani, na kaapa atakayekutwa nayo atalala ndani. Ngoja nimwite, yuko hapo ng'ambo anakunywa chai."

Salmini akamdaka mkono. "Orijino gani wewe? Feki tupu hii. Namba nimezigonga mwenyewe kwa msumari."

"Jamani, mmemsikia," Shekiondo akawaambia wateja. Akaweka laki moja mezani, akaitupia besi begani.

Salmini akamkimbilia mlangoni. "Sasa Kapteni utamwambiaje?"

"Nimwambie nini, tajiri? Yule hupiga tarumbeta, besi hajawahi kuwa nayo."