Fiwi za Kota ya Reli

Hapo zamani, wala si zamani ya mbali, siku zile unga na sukari vilikuwa vya foleni, na mwenye mche mmoja wa sabuni aliukata kwa uzi akagawana na jirani, tuliishi nyumba kumi na moja katika kota ya reli mjini Tanga. Nyuma ya kota palikuwa na jalala. Mimi nilikuwa bi harusi, nimeletwa pale miezi michache tu, na nililiona jalala lile kabla halijawa shamba. Kwa hiyo ninachowasimulia nilikiona kwa macho.

Akaja Nakijwa. Alitoka Upare na mumewe, na katika pindo la kanga yake alikuwa ameshonea mbegu za fiwi, yale maharage mapana ya kutambaa. Fiwi hizo zilikuwa nyeupe, zina ukingo mweusi kama wanja.

"Bibi yangu alizipanda, mama yangu alizipanda," alituambia. "Mimi nimekuja mjini. Sasa nizipande wapi, kwenye beseni?"

Siku ya kwanza aliingia jalalani peke yake, akaokota vigae na vipande vya chupa kwa mikono mitupu. Siku ya pili tulimwona kidole kimefungwa kitambaa, na bado anaokota. Tukaona haya. Siku ya tatu tulikwenda wawili. Hadi Jumamosi kota nzima ilikuwa jalalani.

Tukapanda. Fiwi zikatambaa kwenye uzio, chini yake mchicha, kando bamia na nyanya chungu. Kila Ijumaa baada ya alasiri tulileta masufuria uani, huyu nazi, yule chumvi, yule kuni, na tukapika fiwi za nazi za watu wote. Nimekula vyakula vingi tangu wakati ule, na vingine vya gharama. Lakini mchana mkavu nikijinyoosha kitandani, bado nasikia yale maganda yakipasuka juani, tak, tak, kama mtu anavunja vijiti uzioni.

Tuliwekeana sharti moja. Mbegu zote zitakaa katika debe la Nakijwa, na hakuna atakayetoa hata punje kuipeleka kwingine. Tuliinua mikono wote. Na Mwantumu aliinua.

Mwantumu alikuwa mshonaji, mlango wake unatazamana na wangu. Alikuwa mtu wa maneno machache na hesabu nyingi.

Mwaka wa nne mvua haikunyesha. Vuli ikapita, masika yakapita. Bomba la kota likawa linatoa hewa. Fiwi zikakauka uzioni zikiwa na maua.

Ndipo Mzee Chambuso alipochukua sururu. Alikuwa amestaafu kazi ya kubadilisha mataruma ya reli, anaishi peke yake nyumba ya mwisho. Hakuwa hata na meno ya kutafunia bamia.

"Maji yapo," alisema. "Yamekaa chini tu."

Alichimba siku thelathini na nane. Mwanzoni wanaume walimsaidia. Wakachoka, wakasema mzee amepotewa na akili. Siku ya ishirini udongo ulimporomokea ukamvunja mguu. Tulimtoa, akafungwa vijiti. Baada ya siku tatu alijiteremsha tena kwa kamba, akachimba akiwa ameketi. Siku ya thelathini na nane alipanda juu ana tope la maji mpaka kiunoni. Yalikuwa na chumvi kidogo. Hakuna aliyelalamika.

Lakini wakati Chambuso yuko shimoni, huku juu mambo yalikuwa mengine. Unga haukupatikana. Mimi nilikuwa nimejifungua mwanangu Kilua, na maziwa yamenikatika. Mtoto alinyonya, akalia, akanyonya, akachoka hata kulia.

Nakijwa akapita nyumba kwa nyumba. "Nani ana chochote? Hata konzi moja?"

Kila mlango ulijibu hakuna. Mlango wa Mwantumu pia ulijibu hakuna.

Basi Nakijwa akafungua debe. Akachemsha mbegu, akaniletea bakuli, akakaa kitandani mpaka nilipolimaliza. Kesho yake akachemsha tena, akagawa na kwa watoto wengine. Alipika siku tisa. Siku ya kumi alinionyesha debe, limebaki vumbi.

"Dada," nikamwambia, "umepika fiwi za mama yako."

"Mama angenipiga kama nisingezipika," akasema. Akatoka haraka, na nilijua anakwenda kulia mahali nisipomwona.

Maziwa yalirudi. Kilua yuko hai, ana watoto wake.

Sasa maji yalikuwepo, na mbegu hazikuwepo. Nakijwa aliandika barua Upare. Ikajibiwa kwamba shamba la mama yake liliuzwa, mama mwenyewe ameshazikwa, na hapo sasa pana miti ya mbao. Tulikaa kuzunguka kisima kipya kama watu waliofiwa.

Mwantumu akaingia ndani kwake. Alitoka na kibuyu cheusi kwa masizi, akakiinamisha kwenye kanga. Fiwi zikamiminika. Nyeupe, zina ukingo mweusi.

Nakijwa akainuka.

"Nilikuwa nachota debeni kidogo kidogo," Mwantumu akasema. "Nilitaka kumpelekea kaka yangu Muheza azilime, tuuze. Nilizitundika juu ya jiko zisipate wadudu."

"Ulikuwa nazo nilipogonga mlango?" Nakijwa akamuuliza.

"Nilikuwa nazo."

"Ulimsikia mtoto wa watu?"

"Nilimsikia kila usiku. Mlango wangu unatazamana na wao."

Nakijwa akapiga magoti akaanza kuziokota, moja moja. Siku ile ile tukapanda, Chambuso akanyweshea. Uzio ukawa kijani tena, na tukala fiwi za Ijumaa miaka saba mingine.

Halafu kota ikauzwa. Aliyeinunua aliitwa Bwana Harithi, mfanyabiashara, naye alitaka kujenga ghala. Hakuwa mtu mbaya. Siku aliyokuja kupima, Nakijwa alimpa sahani ya fiwi, akala akiwa amesimama, akaomba nyingine akakaa.

"Ghala nitajenga," alisema. "Lakini ukanda ule wenye kisima na uzio sitaugusa. Nitamwandikia mtu mmoja, awe wake na wanawe. Mmoja tu, maana karatasi ya watu wengi ni ugomvi wa wajukuu. Semeni ni nani."

Kila familia ilikuwa inatafuta pa kwenda. Kubaki na ukanda ule kulikuwa kubaki na maisha yetu yote.

Nakijwa akasema, "Mbegu nilizileta mimi. Jalala nililianza mimi, na kovu hili hapa. Njaa ilipokuja nililisha watu. Bila mimi msingekuwa na kitu cha kugombea."

Mzee Chambuso akasema, "Mbegu bila maji ni kokoto. Nilichimba wakati mlikuwa mnanicheka. Mguu wangu mmoja ni mfupi kuliko mwenzake kwa ajili ya uzio huu, na fiwi zenyewe nazinywa mchuzi tu. Bila mimi mngekuwa na jalala lenu."

Mwantumu akawa wa mwisho. "Mimi niliiba," akasema. "Sikatai. Lakini kama ningefungua mlango siku ile, mngezila za kwangu kama mlivyozila za debe, na leo kusingekuwa na fiwi hata moja. Aliye mwema alizimaliza. Mwizi ndiye aliyezibakiza. Hizi mlizokula miaka saba zimetoka kwenye kibuyu changu."

Watu wakagawanyika. Wengine waliita Nakijwa, wengine Chambuso. Waliomtaja Mwantumu walimtaja kwa sauti ndogo, lakini walikuwepo. Jua likaanza kushuka, na Bwana Harithi akasema, "Mama Kilua, naambiwa wewe ndiwe uliyekula za debe na ukakaa na njaa mbele ya zile za kibuyu. Wewe andika."

Akanipa kalamu. Nakijwa alinitazama. Chambuso alitazama kisima. Mwantumu alitazama chini.

Niliandika jina moja. Wale wawili niliowaacha walinisalimia asubuhi yake kama kawaida, wakaniuliza hali ya mtoto, na salamu hiyo iliniuma kuliko matusi. Wote watatu sasa wametangulia, nami nimezeeka nikijibishana nao.

Nyinyi hamkuwa na njaa siku ile, wala hamdaiwi shukrani na mtu. Haya, shikeni kalamu. Aliyeleta mbegu akazipika, aliyechimba maji, au aliyeiba akanyamaza: je, mngeandika jina la nani?